Vishindo vya Asubuhi Qaloda

"Usiitikie kishindo, fungua mlango."

Mmeisikia leo asubuhi mkivua viatu barazani, mama mpishi akimwambia mwenzake aliyekuwa jikoni akisema "poleni, poleni" bila kugeuza shingo. Mmecheka, kisha mmeuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Mwanamke aliyeisema kwanza bado yu hai, wala siku ile hakuwa na habari ya kutunga methali. Basi kaeni, chai ipoe kidogo, msikie ilivyokuwa.

Ilianza Jumanne moja ya mwezi wa tatu, katika kijiji cha Qaloda, juu kabisa kwenye nyanda za Mbulu. Siku hiyo Basilisa hakurudi nyumbani. Na siku hiyohiyo, kila mtu nyumbani kwake alimsikia akirudi.

Qaloda ni kijiji cha wakimbiaji, na kina desturi zake. Mtu akishatoka kwenda kukimbia hasemeshwi njiani, na yeye hasemi, mpaka arudi anywe maji. Wazee walisema anayeongea akikimbia humwaga pumzi ambayo hataiokota tena. Halafu kuna jiwe. Udongo wa kule ni mwekundu na unanata kama ulimbo, kwa hiyo mbele ya kila mlango pamelazwa jiwe bapa. Mkimbiaji akirudi hupiga viatu vyake juu ya jiwe mara tatu, tope likang'oka. Walio ndani, chini ya blanketi, husikia vile vishindo vitatu na kusema, "Pole." Naye hajibu, huenda zake kwenye mtungi. Hivyo ndivyo walivyojua mtu wao amefika. Kwa baridi ya kule, nani atoke kutazama?

Basilisa alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mke wa Mwalimu Gwandu, mama wa watoto wawili, na ndiye aliyekamua ng'ombe, aliyempa mama mkwe wake dawa kwa saa, na aliyeongoza sauti ya pili kwaya ya Alhamisi. Mwaka ule alikuwa anajiandaa kwa mbio za kilomita ishirini na moja, mbio zake za kwanza kubwa. Ratiba aliiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani karibu na kabati la vyombo. Kila siku aliyoimaliza aliikata kwa kalamu nyekundu. Wenzake walikimbia saa moja, jua likiwa limetoka. Yeye saa moja alikuwa na ndoo ya maziwa mkononi, kwa hiyo alitoka saa kumi na moja alfajiri, peke yake. Wanawake wa kisimani walimtania, "Mama Fabiola, unafukuzwa na nani?" Alikuwa akijibu, "Nafukuzwa na ng'ombe."

Mumewe hakuwa mtu mbaya. Gwandu alimpenda, na alijivunia mbio zake hata mbele ya walimu wenzake. Lakini maisha yao yalikuwa yamefika mahali ambapo mke anarudi mume akiwa bado kitandani, anagonga jiwe, anaambiwa pole, anakwenda bandani, na kutoka bandani anakwenda kazini. Zilipita siku nne au tano bila Gwandu kuuona uso wa mkewe kwa mwanga wa jua.

Jumanne ile palikuwa na ukungu mzito. Saa kumi na mbili na robo vilisikika vishindo mlangoni, vitatu, kama kawaida. Gwandu akasema, "Pole, mama Fabiola," akageuka upande wa ukutani. Katika chumba cha pili mama yake, Bibi Ludovika, naye akasema pole.

Asubuhi hiyo ng'ombe alilia sana. Gwandu alifikiri mkewe amechelewa kidogo kumkamua, na yeye alikuwa na mtihani wa kusimamia shuleni, akaondoka. Watoto waliona chai haipo, wakadhani mama ameitwa zahanati mapema. Zahanati walidhani anauguza nyumbani. Kwaya hawakudhani kitu kwa kuwa haikuwa Alhamisi. Basilisa alikuwa mtu wa kila mahali, kwa hiyo kila mahali walidhani yuko kwingine.

Walimpata alasiri ndani ya korongo, kilomita tatu kutoka nyumbani, pale mvua ilipokuwa imekula ukingo wa njia. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Mganga wa zahanati alipomtazama alisema baridi ndiyo iliyommaliza, na kwamba kwa kadiri alivyoona, aliishi mpaka kama saa sita mchana.

Gwandu aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama, na alikuwa mwalimu wa hesabu. Saa kumi na mbili na robo mkewe alikuwa hai, kilomita tatu mbali, mguu mmoja umevunjika. Sasa, aliyegonga jiwe ni nani?

Swali hilo hakumwuliza mtu.

Walimzika Ijumaa. Waombolezaji walilala pale nyumbani, wengine sebuleni, wengine jikoni karibu na majivu. Jumatatu alfajiri, saa kumi na mbili na robo, vishindo vitatu vikasikika mlangoni. Watu kama kumi na watano, nusu usingizini, wakaitikia kwa pamoja, "Pole." Kisha usingizi ukawatoka. Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikuwa akisikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka mwanga ulipoingia dirishani na mtu mmoja akaanza kukunja mkeka wake. Mchana huo wengi wao walikumbuka kuwa wana kazi kwao.

Vishindo vilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Katekista alikuja akasali. Wazee walikuja nao wakasema msiitikie, kitu kisichoitikiwa huchoka. Gwandu hakuitikia tena. Vishindo havikuchoka. Siku moja alichukua jembe, akaling'oa lile jiwe na kwenda kulitupa nyuma ya banda la ng'ombe. Kesho yake alfajiri alisikia viatu vikigonga mlangoni mara tatu, na havikugonga udongo. Vilikuwa vinagonga jiwe.

Tangu hapo alikuwa anajifunika blanketi mpaka kichwani ikikaribia saa kumi na mbili, mtu mzima, mwalimu, akisubiri vipite.

Kazi za marehemu ziligawanyika kama zinavyogawanyika siku zote, yaani zilimwangukia mmoja. Fabiola alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Alimkamua ng'ombe, akamwogesha mdogo wake, akampa bibi dawa, ndipo akaenda shule. Hakulalamika, na kwa kuwa hakulalamika baba yake alishukuru na kuendelea kusahihisha madaftari. Katikati ya mwezi wa nne Gwandu alipita kwenye ile ratiba ukutani, akaona alama nyekundu haziishii Jumatatu, siku ya mwisho mkewe kukimbia akarudi. Zilikuwa zimeendelea. Alitazama kwa muda, akajiambia huenda marehemu alizikata mapema. Siku nyingine aliviona viatu vya mkewe bandani vimelowa. Fabiola alisema ameviosha. Gwandu akasema, "Haya."

Ukweli alikuwa anaujua Bibi Ludovika, kwa sababu alilala chumba kimoja na wajukuu wake. Mtoto alikuwa anatoka saa kumi na moja, akidhani bibi amelala, na akirudi viatu alivivulia bandani ili asimtishe mtu. Bibi alinyamaza. Alimwona msichana akirudi na uso uliochangamka kidogo, uso ambao mchana kutwa haukuonekana tena, akasema moyoni, mimi ni nani nimnyang'anye hata hicho?

Ikaja mvua ya siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa kumi na mbili na robo, vishindo vilisikika. Vitatu. Halafu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, vikarudia. Vitatu tena. Halafu tena. Gwandu alikuwa amejikunja chini ya blanketi aliposikia fimbo ya mama yake ikigusa sakafu, ikija polepole mpaka mlangoni pa chumba chake.

"Gwandu, amka."

"Mama, wazee wamekataza tusiitikie."

"Sijakwambia uitikie. Kafungue."

"Nifungue nione nini?"

"Sijui." Sauti ya bibi ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Jumanne ile tuliitikia wote wawili, mimi na wewe, tukajifunika. Alipokuwa hai hukuwa unamwona, ulikuwa unamwitikia tu. Sasa amekufa unaogopa kumwona? Usiitikie kishindo, mwanangu, fungua mlango. Kama ni yeye, umwone. Kama si yeye, ujue ni nani hayupo."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwinua. Alikwenda mlangoni blanketi likiwa bado begani. Vishindo vilikuwa vinaendelea, karibu sana, ubao mmoja tu kati yake navyo. Akaondoa komeo, akavuta.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu, na pale alipong'oa jiwe palikuwa na dimbwi la maji ya mvua. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Kutoka bandani ng'ombe alilia, kilio kirefu cha ng'ombe ambaye hajakamuliwa, na Gwandu alikikumbuka kilio hicho.

"Fabiola yuko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ametoka saa kumi na moja," alisema mama yake. "Kwa viatu vya mama yake."

Gwandu hakuwa amekimbia tangu chuo cha ualimu. Siku hiyo alikimbia peku, blanketi likimpiga miguuni, na tope la njia likimshika kila hatua kama mtu anayemsihi abaki. Kifua kilimwaka. Alitaka kuita jina la mtoto, pumzi haikutosha. Kwa mara ya kwanza alijua kilomita tatu ni nini, yeye aliyekuwa akiziandika ubaoni kila wiki.

Korongoni ukingo ulikuwa umekatika upya. Fabiola alikuwa chini yake, kama kimo cha mtu mmoja na nusu, amekumbatia mizizi ya mti uliofukuliwa na mvua, na chini ya miguu yake maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kasi. Hakuwa analia. Midomo ilikuwa imepauka na vidole vimekakamaa, akawa anamtazama baba yake bila kupepesa. Gwandu alilala kifudifudi juu ya tope, akateremsha blanketi.

"Shika hili. Achia mzizi."

"Siwezi, baba. Mikono haifunguki."

"Nitazame mimi. Mkono mmoja kwanza."

Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyosimulia. Mkono mmoja, kisha wa pili, kisha kuvuta, akiteleza yeye na kurudi nyuma na kuvuta tena. Walipokuwa wote wawili juu, wamelala kwenye majani, mizizi ile ilitoa mlio mdogo na kwenda na maji. Waliisikia tu. Hawakutazama.

Baadaye, akiwa amefunikwa lile blanketi lililojaa tope, Fabiola alitazama nyuma ya baba yake, huku na huku.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Aliyekuja kukuita. Nilipoanguka tu, nilisikia mtu anapita hapa juu, anakimbia kuelekea nyumbani. Nilimwita nikamwita. Hakusema kitu."

Gwandu alimvuta karibu. Kisha alimbeba mgongoni mpaka nyumbani.

Fabiola alilala siku mbili. Watu walikuja kumpa pole, na Bibi Ludovika alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kila aliyesimama uani na kusema pole kutoka huko nje aliambiwa na bibi aingie amwone mtoto, kisha bibi anaongeza yale maneno aliyomwambia mwanawe. Mwanzoni watu walidhani mzee anamsema Gwandu. Halafu wakaanza kuyasema wao kwa wao. Mwalimu akimwona mtoto yupo darasani na akili haipo, mke akimsikia mumewe anacheka kicheko ambacho si chake, mkufunzi wa mbio akisoma muda mzuri wa mkimbiaji ambaye macho yameingia ndani, utasikia mtu anamwambia mwenzake. Kwa kuwa unaweza kumsikia mtu kila siku, ukajua anapita wapi na saa ngapi, ukaridhika, na usijue kwamba ameanguka.

Ndiyo hiyo mliyoisikia leo: usiitikie kishindo, fungua mlango.

Fabiola siku hizi anakimbia siku tatu kwa wiki, jua likishatoka, na wenzake, na ng'ombe anakamuliwa na Mwalimu Gwandu. Qaloda nzima, mkimbiaji akigonga jiwe, aliye ndani huamka akafungua, akamtazama usoni, ndipo akasema pole. Kwa Gwandu asubuhi nyingine za ukungu vishindo bado vinasikika, saa kumi na mbili na robo, watoto wote wakiwa ndani wamelala. Yeye huamka, huondoa komeo, hufungua. Husimama pale kidogo, kisha huenda bandani na ndoo.