Punda Aliyezalia Kituoni

Mungu anisamehe: mara ya kwanza kusimulia habari hii nilimpunguzia makosa Koplo Mbaruku, kwa kuwa ni shemeji yangu. Leo simpunguzii.

Hapo zamani, katika mji mmoja wa bara, vumbi tele na maji haba, Bi Zaituni aliuza maji aliyombebesha punda wake Subira, aliyekuwa na mimba. Koplo Mbaruku akamsimamisha njiani.

"Mama, chai yangu iko wapi?"

"Chai? Mchana wa Ramadhani, baba?"

Watu wakaangua kicheko. Koplo, kwa aibu, akamkamata punda kwa kosa la kuzuia njia, akamfunga nyuma ya kituo cha polisi.

Bi Zaituni akabeba ndoo kichwani hadi shingo ikamkaza. Akaweka nadhiri, majirani wote wakisikia: "Ewe Mola, atakayenirudishia Subira, mtoto aliye tumboni ni wake."

Akaenda kituoni kulalamika. Kwenye meza ya malalamiko kakaa nani? Koplo Mbaruku!

"Unamlalamikia nani, mama?"

"Wewe."

Koplo akashusha pumzi, akashika kalamu. "Haya, sema polepole. Nilikuonea vipi?"

Akaandika yote, hata ile chai, maana alikuwa amefunga na aliogopa kuongeza dhambi. Lakini mkuu wa kituo akasema punda ni kielelezo cha kesi, hatoki bila amri ya hakimu. Bi Zaituni akamshtaki Koplo mahakamani, kudai punda wake na hasara yake.

Kesi haijasikilizwa, Subira akashikwa na uchungu. Mtoto akakwama. Askari wakavuta huku, wakavuta kule. Chande, mwizi wa mifugo, akapiga kelele kutoka mahabusu: "Mtamuua! Nifungulieni, punda nawajua mimi!"

"Unawajua kwa kuwaiba!"

"Basi mwiteni anayewajua kwa kuwanunua!"

Koplo akamfungulia. Chande akapiga magoti, akamgeuza mtoto, akamtoa mzima, na mama mzima. Kisha akanawa mikono, akarudi mahabusu mwenyewe, akawakumbusha kufunga mlango.

Siku ya kesi Koplo akasimama: "Mheshimiwa, nilimwonea mama huyu." Wakili wake akashika kichwa. Hakimu akaamuru Subira arudishwe, na Koplo alipe hasara kutoka mfukoni mwake.

Chande alipomaliza kifungo, wakakutana wote mlangoni kwa Bi Zaituni.

"Mtoto ni wangu," akasema Chande. "Bila mimi, mama, ungerudishiwa ngozi."

"Ni wangu," akasema Koplo. "Bila kalamu yangu na ulimi wangu, Subira angezeekea kituoni."

"Si wewe ndiye uliyemkamata?"

"Na wewe ukionekana naye, nani ataamini umepewa?"

Bi Zaituni akakuna kichwa. "Mbona mahakamani nilikwenda mimi, kwa miguu yangu? Labda nimejirudishia mwenyewe, na mtoto ni wangu. Au namdanganya Mungu, jamani?"

Mtoto wa punda alikuwa anatafuna kofia ya Koplo.

Je, nani alistahili kumfunga kamba mtoto huyo awe wake? Mama wa watu anaogopa kufa na deni la nadhiri. Nawaomba, jibuni, na msinionee haya mimi shemeji mtu.