Mtu wa Kumi

Yapo mambo ambayo mtu, hata awe hodari vipi, hayawezi peke yake. Mzee Menashi, Myahudi wa mji wa Yangon, hakulikubali hilo hata kidogo, na ubishi wake ulimponza.

Yeye ndiye aliyeshika funguo za sinagogi. Siku ya kuhitimisha kusoma Torati, waumini wakiwa katikati ya nyimbo na vigelegele, jirani yake Heskel alipanda jukwaani kusoma, akakwama. Menashi akamkatiza mbele ya kadamnasi.

"Shuka, bwana! Macho yamekufa hayo, unatuharibia sikukuu!"

Heskel alishuka, akatoka, wala hakurudi tena. Naye alikuwa mwanamume wa kumi. Wasipotimia wanaume kumi, Torati haitolewi sandukuni, wala mfiwa hawezi kumsomea marehemu wake ile sala ya wafu.

"Kamwombe radhi, mume wangu," Rahma, mkewe, alimsihi.

"Nimwombe mimi? Thubutu! Akichoka kununa atarudi mwenyewe."

Hakuchoka. Taa za sikukuu ya Hanuka ziliwashwa, sikukuu ya Purimu ikapita bila shamrashamra, Pasaka ikaja na mikate yake mikavu isiyotiwa chachu. Waliobaki walisali kila mtu na kitabu chake, kisha wakaenda zao. Mvua kubwa zilipoanza, Rahma aliugua ghafla, akafariki dunia. Heskel alileta mayai ya kuchemsha, chakula cha wafiwa, akayaacha mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi.

Jamani, upweke usikie kwa mwenzako! Kila Jumamosi Menashi alifungua sinagogi, akawahesabu wenzake kwa mstari wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake, maana kwao ni mwiko kuhesabu watu kwa tarakimu. Neno la mwisho lilikosa mtu. Jioni aliandaa sahani mbili kwa mazoea, kisha moja akairudisha kabatini, machozi yakimlengalenga.

"Rahma wangu hata sala sijamsomea," alilalama.

Mkesha wa Siku ya Upatanisho ulipofika, maji yalimfika shingoni. Siku hiyo Mungu husamehe aliyokosewa Yeye, lakini aliyokosewa jirani, sharti jirani asamehe kwanza. Menashi alijikongoja mvuani hadi kwa Heskel.

"Leo umepotea njia?" Heskel aliuliza, mkono ungali kwenye komeo.

"Nilikuvunjia heshima, ndugu yangu. Nisamehe. Nakuhitaji."

"Macho yangu bado mabovu."

"Ulimi wangu ni mbovu zaidi. Twende hivyo hivyo."

Heskel aliachia komeo. "Nimekusamehe. Ngoja nivae viatu, usije ukafia mlangoni kwangu."

Jioni hiyo, kumi wakiwa wametimia sinagogini, Menashi alisimama kumsomea mkewe ile sala ya wafu. Sauti ilimkatika katikati. Wenzake wakaitikia "Amina!" kwa pamoja, Heskel akiwashinda wote kwa sauti, naye Menashi akapata nguvu ya kumaliza. Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu vilevile, ila Rahma alikuwa ameombewa.

Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.