Mkeka wa Rada kwenye Jiwe la Mvungwe

Mkeka haubishani na jiwe. Mmeisikia methali hii kwa fundi asubuhi, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni. Anayetaka kuchezea simu akachezee nje.

Huko Upare, chini ya mlima Mvungwe, kulikuwa na gulio la kila Alhamisi kwenye mchanga wa korongo kavu. Pazuri, lakini pa hatari: mvua ikinyesha nyuma ya mlima, maji hushuka ghafla huku chini jua likiwaka. Mwaka mmoja yalizoa watu saba. Namsifu, binti aliyekuwa fundi wa mitambo, alikuwa na mama aliyeuza ndizi gulioni hapo, na kila Alhamisi roho yake ilikuwa juu juu.

Ikaletwa rada ya kutazama mvua, ubao mzito wa chuma. Likapulizwa baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na wanaume wanane wakaubeba kupanda nao mlimani. Kona za chini walizipita, ila ya mwisho ilikuwa nyembamba mno. Wakarudi nao, mabega yamechubuka.

Namsifu akatengeneza rada nyingine. Alipanga antena ndogo mia mbili, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, juu ya kitambaa laini. Kitambaa hakizunguki kama rada za kawaida. Antena hutoa mawimbi yake hii ikitangulia kidogo, ile ikifuata, na kwa mpangilio huo rada hutazama kushoto au kulia. Akaikunja, akaitia kwapani, akapanda. Mkuu wake wa kazi, Mzee Mbwambo, alimfuata akihema na kunung'unika, tangu lini rada ikawa mkeka.

Kileleni upepo hauachi mlingoti umesimama, kwa hiyo walikitandaza kitambaa kwenye jiwe kubwa lililobinuka kama mgongo wa kobe. Walipowasha, kompyuta ilionyesha ukungu mtupu. Mbwambo, aliyekuja amejiandaa, akatoa patasi.

"Tulichonge jiwe liwe bapa," alisema. "Wiki mbili tu."

"Leo ni Alhamisi, mzee."

Namsifu aliogopa, tusidanganyane. Lakini akakumbuka siku ya msaragambo: kwenye kila kona, waliokuwa upande wa nje walitangulia hatua, ndipo ubao ukapita sawa. Mpangilio wake aliutunga kwa kitambaa kilichonyooka. Sasa kingo zimeinama nyuma, na mawimbi yake yanachelewa. Akachukua kamba na rula, akapima mstari kwa mstari kingo zimerudi nyuma kiasi gani, kisha akaagiza antena za pembeni zitangulie kwa kiasi hichohicho. Jiwe hakuligusa.

Picha ikatakata. Mvua kubwa ilikuwa nyuma ya mlima, kwenye chanzo cha korongo. Akampigia mama yake.

"Mama, tokeni mchangani, wote."

"Kwa jua hili, mwanangu? Wateja ndio kwanza wanafika."

"Mvua naiona, mama. Ziache ndizi."

Mama aliijua sauti ya mwanawe ikiwa haina mchezo. Akamwendea mpiga baragumu, nalo likalia. Mpare akisikia baragumu la msaragambo huondoka kwanza, akauliza sababu njiani. Nusu saa haikwisha, maji yakaja yakinguruma, yakazoa meza, vikapu na ndizi zote. Mtu hayakumpata hata mmoja.

Mbwambo aliposhuka alimkuta mama amesimama ukingoni, mikono mitupu, anacheka huku machozi yanamtoka. Watu wakamzunguka mzee, wakamuuliza imekuwaje kitambaa kikaweza pale chuma kiliposhindwa, na ile patasi aliyopanda nayo ilifanya kazi gani. Aliitazama patasi, haina hata vumbi, akairudisha mfukoni.

"Haikufanya kitu," alisema. "Mimi nilitaka jiwe linifuate. Huyu binti alijipanga kwa jiwe. Mkeka haubishani na jiwe."