Mama Sange na Mzinga Uliosuguliwa

Paukwa!

Pakawa!

Anayekoroga uji na aendelee kukoroga, masikio hayaungui. Aliyebeba mtoto na asikilize huku akimbembeleza. Twendeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba yao, aliishi Mama Sange. Sange mnamjua. Mdogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu inayocheza-cheza. Ana vijia vyake msituni, na kila asubuhi huvifagia. Jani likianguka, analitoa. Kijiti kikianguka, anakitoa. Chwa, chwa, chwa. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa na bibi yake.

Mwaka huo Mama Sange alipanda maboga. Majani yakastawi. Maua yakachanua, manjano tupu. Lakini kila kiboga kilichotokea chini ya ua kilisinyaa, kikaanguka. Pu. Kesho yake kingine. Pu.

"Mama," akasema Kibibi, binti yake, "leo tunakula nini?"

"Majani ya maboga."

"Jana je?"

"Kula, mwanangu, kabla hayajapoa."

Kibibi alikuwa amekonda mpaka pua yake ikaonekana ndefu kuliko mwili. Mama Sange aliona. Akafagia.

Akapita Nyegere, mla asali, tumbo mbele. Akatazama shamba, akacheka.

"Shemeji, maboga yako yanakufa kwa upweke. Ua la boga linamtaka nyuki. Nyuki huchukua unga kwenye ua hili, akaupeleka ua lile. Bila nyuki utakula majani mpaka uote matawi."

"Na nyuki wa hapa wameenda wapi?"

Nyegere akajikuna shingo. "Hilo usiniulize mimi."

"Basi nitawapataje?"

"Nyuma ya kwangu kuna mzinga mkuukuu. Kilichokuwamo nilishakula. Uchukue, uuweke mtini, kivulini. Wakiupenda watahamia. Lakini nyuki haburutwi, shemeji. Nyuki hukubali."

Mama Sange na Kibibi wakauviringisha mzinga mpaka shambani. Guduru, guduru. Mama Sange akachungulia ndani. Giza. Kunanata. Vipande vya nta kuukuu vimeganda ukutani, na harufu nzito imejaa.

"Nimkaribishe mgeni humu? Akirudi kwao atasema nini?"

Akachukua majivu, akachukua mchanga, akachukua maji. Akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Nta yote akaikwangua, akaitupa jalalani. Huku akiimba:

*Sugua, sugua, mgeni yuaja,*
*Sugua, sugua, asikute taka.*

Mzinga ukang'aa. Wakaupandisha kwenye panda ya chini ya mti, wakangoja.

Akaja nyuki mmoja. Vuuu. Akaingia, akatoka, akaenda zake.

"Ameona vumbi," akasema Mama Sange. Akausugua tena. Kwaru, kwaru, kwaru.

Akaja nyuki. Vuuu. Akaingia, akatoka, akaenda zake.

"Ameona vumbi." Akausugua tena, mpaka viganja vikachubuka.

Huku maua yanapukutika. Pu. Pu. Yakabaki machache, yale ya mwisho. Yakiisha hayo, hakuna boga mpaka mvua nyingine. Na Kibibi mvua nyingine asingeifikia.

Nyuki alipokuja tena, akaingia, akatoka, Mama Sange alikuwa amesimama mlangoni pa mzinga.

"Dada, nisamehe kukusimamisha. Nimesugua mpaka mikono imeniuma. Taka gani nimeisahau?"

"Hujasahau hata moja," akasema nyuki. "Ndiyo maana siwezi kuwaleta wenzangu."

"Sijaelewa."

"Mama, sisi ni maelfu, tumembeba malkia wetu, na hatuna kwetu. Tukikosea nyumba, tumekwisha. Nta ya zamani hutuambia: humu watoto walizaliwa, wakakua, wakaruka. Mzinga wako hautuambii kitu."

Akaruka, akaenda zake.

Mama Sange akautazama mzinga unaong'aa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna sange aliyewahi kulifanya. Akarudi jalalani. Akafukua kwa pua yake mwenyewe. Akaitoa nta, kipande kwa kipande, akailainisha viganjani, akaanza kuupaka mzinga.

"Mama, unarudisha uchafu?" akauliza Kibibi.

"Nyamaza, nishikie hapa."

Akapaka mpaka harufu ikarudi. Kisha akauchukua ufagio wake, akaukalia, mikono isimwashe.

Akaja nyuki. Vuuu. Akaingia. Akakaa. Akakaa sana. Akatoka mbio.

Kukawa kimya. Ziii.

Halafu mbingu ikaanza kuvuma. Vuuum. Vuuuum. Likaja wingu, lakini si la mvua. Wingu lenye uhai, linajikunja, linajikunjua, jua linapenya katikati ya mbawa zao. Majani ya mti yakatetemeka. Kibibi akajificha chini ya mama yake. Likashuka, likamiminika mlangoni kama maji yanayoingia mtungini, maelfu kwa maelfu, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mama Sange mdomo wazi. Njaa ameisahau. Uchovu ameusahau.

Asubuhi akaenda kuchungulia. Vumbi la mbao lilikuwa mlangoni, na nyuki mmoja aliyekufa. Mkono ukaenda kwenye ufagio. Kabla haujafika, wakatoka nyuki wawili, wakambeba maiti yao, wakamtupa mbali. Wengine wakatoa vumbi, chembe kwa chembe. Mwingine akasimama akipepea kwa mbawa, nyumba ipate hewa.

"Kumbe," akanong'ona Mama Sange. "Kumbe nao wanafagia."

Akaurudisha ufagio mahali pake. Nyuki wakaingia kwenye maua ya mwisho, wakatoka wamejaa unga wa manjano. Viboga vikatokea chini ya maua. Mama Sange akasikiliza. Hakikuanguka hata kimoja.

Boga la kwanza lilipoiva, Kibibi alikula mpaka akalala na kipande mkononi. Nyegere akaja kunusa harufu ya asali. Nyuki wakampokea wenyewe. Mbio alizokwenda, hata shemeji hakumuaga.

Basi, jamani, anayetaka kumkaribisha mgeni asimwandalie anachokipenda yeye mwenyewe. Amuulize mgeni anahitaji nini. Usafi wako kwa mwenzako unaweza kuwa ukiwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa mzinga. Aliyekuwa akikoroga uji, sasa aupakue.