Mbodze na Rangi za Kereng'ende

Zamani, wajukuu zangu, kereng'ende wote walifanana. Hawakuwa na rangi yoyote. Ukimtazama mmoja uliona majani yaliyo nyuma yake. Wakati wa kiangazi watu waliwafuata, maana kereng'ende hakai mbali na maji.

Mwaka mmoja visima vilikauka. Msichana aitwaye Sidi alimfuata kereng'ende mpaka kinamasini, akanywa. Jioni alikuwa akitapika, hawezi hata kusimama.

"Lakini nilimfuata kereng'ende," alimlalamikia dada yake, Mbodze.

"Yupi?"

"Yupi tena, dada? Si wote ni wamoja?"

Mbodze alikuwa msusi wa mikeka, mtu wa kutazama ukindu mmoja mmoja. Swali lake mwenyewe likamkaa moyoni. Alimwacha Sidi kwa mama yao, akaenda kuketi kinamasini. Akaona kereng'ende wa pale hutua wakainamisha mabawa mbele. Akapanda miambani. Wa huko hawakutua kabisa, walikwenda na kurudi juu ya ufa uleule. Akafukua pale, maji yakachuruzika, baridi na matamu. Alikunywa kidogo, akangoja kwa hofu. Hakuumwa.

"Kumbe ni ukoo mmoja, nyumba mbalimbali," alisema peke yake.

Maji hayo ndiyo yaliyomponya Sidi. Alipopata nguvu, Mbodze alitenga vyungu vyake vya rangi za ukindu, wakaenda pamoja kuwanasa kereng'ende, ili kila maji yajulikane kwa rangi ya kereng'ende wake.

"Utawaua!" Sidi alisema.

"Nitawashika mabawa. Mwili tu ndio utakaozama."

Wa kinamasi akawachovya katika nyekundu, wa chemchemi katika nili, na mvua ziliporudi, wa madimbwi katika manjano. Wengine walijipinda wakatoka na mistari, wengine wakapata rangi mkiani tu.

Na tangu siku hiyo kereng'ende wana rangi nyingi, lakini mabawa yao bado yanaonyesha kilicho nyuma. Karibu na ncha ya kila bawa kuna alama ndogo nyeusi; ndipo vidole vya Mbodze vilipobana. Kuna waliomponyoka wakajipaka wenyewe huko walikokwenda, na hao hata mimi sijui maji yao yakoje. Mkiwaona, msiharakishe kunywa. Kaeni kwanza muwatazame kama wanatua au la.