Nafasi Moja ya Kusema

Nitegeeni sikio, maana mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Katika mji mkuu wa nchi ya Mavumba waliishi wakimbizi watatu, nyumba moja. Mzee Ngwali, wa kabila la Walumbi, alijaliwa kumbukumbu: akilisikia jina mara moja, halimtoki tena. Mwanakheri, Mlumbi pia, alijaliwa moyo: mpaka uliolindwa kwa bunduki aliuvuka kama mtu anayevuka ua wa jirani. Sikudhani alijaliwa ulimi: Kilumbi, Kimavumba na lugha ya kwao alizisema zote bila kukwama. Ila yeye hakuwa Mlumbi. Alikuwa Msande.

Walumbi walitawaliwa na dola ya Gongwe, Wasande walitawaliwa na dola ya Rufe. Huko na huko walimu walifungwa, vitabu vilichomwa, na watu walikatazwa kujichagulia viongozi. Tofauti ilikuwa moja tu: Gongwe ilikuwa adui wa Mavumba, na Rufe ilikuwa rafiki aliyewauzia Wamavumba shaba.

Miaka mitatu nyuma Sikudhani alikuwa amepeleka kilio cha Wasande kwenye Baraza la Mavumba. Karani aliipokea karatasi, akamwambia, "Dada, hayo ni mambo ya ndani ya Rufe. Sisi hatuingilii."

Walipolia Walumbi, milango ikafunguliwa. Bendera yao ikatundikwa madukani, watoto wa shule wakafundishwa wimbo wao. Sikudhani aliwapenda wenzake, sahani moja walikula. Lakini kila alipoiona bendera ile, wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

Baraza likataka ushahidi.

Mzee Ngwali aliketi siku tisa, akataja majina mia nne ya wafungwa, kila mmoja na kijiji chake, bila kutazama karatasi.

Mwanakheri alipenya mpakani, akarudi na barua za wafungwa zimeshonwa kwenye pindo la kanga, bega lake likivuja damu kwa risasi iliyomchubua.

Sikudhani akasimama barazani kutafsiri.

"Tulikatazwa hata kuwapa watoto wetu majina ya kwetu," akasema Mzee Ngwali.

Sikudhani akanyamaza. Maneno hayohayo aliyaandika yeye, kwenye karatasi ile aliyopokea karani. Angeweza kusema tu, "Walipata usumbufu kidogo," na hakuna ambaye angejua.

"Mkalimani, anasemaje?" akauliza Spika.

"Mwanangu, kulikoni?" akanong'ona Mzee Ngwali.

Sikudhani akayatafsiri yote, neno kwa neno, machozi yakimtiririka. Wajumbe nao wakalia. Walidhani anawalilia Walumbi.

Baraza likatangaza kwamba Walumbi wana haki ya kujitawala. Kisha Spika akasema, "Nyinyi watatu mmetufumbua macho. Kesho asubuhi mmoja wenu aje atuombe jambo moja, lolote. Moja tu. Tunaapa kulitimiza."

Nyumbani chakula kikapoa.

"Nitawaombea wale mia nne wakombolewe," akasema Mzee Ngwali. "Tangazo halifungui gereza."

"Na walio mpakani?" akauliza Mwanakheri. "Nimewaona kina mama wamejificha kwenye matete na vichanga. Lango lifunguliwe, wapite, kabla askari hawajawafikia."

"Mimi nitawaombea Wasande haki hiyohiyo ya kujitawala," akasema Sikudhani.

"Shoga, shauri hili lilikuwa la Walumbi," akasema Mwanakheri.

"Ndilo linaloniuma! Kwenu mmoja akifungwa, mji mzima unaandamana. Kwetu wanazikwa, naambiwa hatuingilii. Leo barazani nilitaka kuuharibu ushahidi wenu, Mwanakheri. Kwa wivu."

Mwanakheri akasimama. "Ulitaka kutuzika?"

"Nilitaka. Sikufanya."

Mzee Ngwali aliinamisha kichwa.

Asubuhi wote watatu walifika mlangoni pa Baraza. Bawabu akafungua. "Ni nani anayeingia?"

Mzee Ngwali akamtazama Mwanakheri. Mwanakheri akamtazama Sikudhani. Sikudhani alitazama mbele, akijua kwamba mlango ule hautafunguliwa tena kwa Msande.

Bila kumbukumbu ya mzee, barua zingekuwa za watu wasiojulikana. Bila moyo wa Mwanakheri, majina yangebaki maneno matupu. Bila ulimi wa Sikudhani, Baraza lisingesikia kitu.

Je, wewe uliyenisikiliza, ungempisha nani aingie? Na wale wawili watakaobaki nje, ungewaambia nini?