Siku Nne za Njaa Mjini Jaén

Mgeni haulizwi, hupakuliwa. Mmenisikia nikisema hivyo mchana, pale mwenzenu Nanzia alipomsimamia mzee Kajiru mlangoni mwa sebule na kumwuliza, "Mzee, utakula?" Mzee akajibu kwamba ameshiba, naye Nanzia akarudi zake kwenye simu, roho kwatu. Mzee wa watu ametembea kutoka kule bondeni na jua lote lile. Ameshiba nini, vumbi? Nimempakulia mwenyewe, amekula, ameondoka, kwa hiyo hilo limekwisha. Lakini mmeuliza maneno yale yametoka wapi, na hakuna wa kuwajibu ila mimi shangazi yenu, kwa sababu yalisemwa mara ya kwanza mbele yangu, na kwa makosa yangu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla nywele zangu hazijawa hivi, nilipata nafasi ya kusoma Hispania, katika mji unaoitwa Jaén. Ni mji wa kusini, umekaa ubavuni mwa mlima, na mashamba yanayouzunguka ni mizeituni mitupu, mistari kwa mistari, mpaka macho yachoke. Nilikuwa nasomea kilimo cha miti ya matunda. Nilipanga ghorofa ya tatu, chumba, sebule ndogo na jiko. Ghorofa ya pili aliishi mjane mmoja mtu mzima, jina lake Encarna. Kila aliponikuta kwenye ngazi alinishika shavu na kuniambia nimekonda. Nami sijawahi kukonda tangu nizaliwe.

Mwaka wa kwanza nilipata taabu ambayo hakuna aliyenionya. Ninyi mnajua tulivyolelewa huku Upare. Ukikaribishwa chakula kwa watu, kwanza unasema umeshiba. Wakisisitiza, unasema wasihangaike. Sahani ikishawekwa mbele yako, ndipo unanawa mikono. Basi siku moja wanafunzi wenzangu walinialika kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wao. Wakaniuliza kama nitakula wali wa samaki. Nikasema ahsanteni, nimeshiba. Wakasema haya, wakala. Nilikaa pale nikitazama sufuria ikiisha, nikingoja waniulize mara ya pili, na mara ya pili haikuja. Nilirudi nyumbani nikanywa maji nikalala. Hawakuwa na ubaya wowote, ila kwao mtu akisema hapana, ni hapana.

Nikajifunza. Mtu akiniuliza kama nitakula, nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Na mwingine akiniambia ameshiba, nilimwamini na kuendelea na sahani yangu. Nilijiona nimeerevuka kweli kweli.

Mwaka huohuo mama yangu alifariki. Habari zilinifikia siku tatu baada ya maziko. Ndugu zangu wote wamemwaga udongo kaburini, mimi niko maktabani nasoma magonjwa ya machungwa. Tangu siku hiyo nikawa na jiwe moyoni. Niliamini kwamba baba na ukoo mzima wananiona mtoto aliyekwenda kutafuta maisha yake na kumwacha mama afe bila yeye. Baba aliniandikia barua, lakini zilikuwa barua za mvua na bei ya tangawizi. Habari za mama hakuziandika, nami sikuthubutu kuziuliza.

Kwa hiyo mwaka wa tatu nilipoweza kumleta Hispania kwa wiki mbili, sikuwa na hamu ya kumwonyesha majumba. Nilikuwa na neno moja tu, kujua kama bado mimi ni mwanawe.

Baba alifika mwezi wa tatu, baridi bado ipo. Alishuka kwenye basi amevaa koti la harusi yake, na mkononi ana kikapu cha tangawizi kavu. Tulisalimiana vizuri, nikambeba mzigo, tukapanda ngazi. Tulipofika mlangoni kwangu nikamwuliza, "Baba, utakula?"

"Nimekula kwenye ndege, mwanangu."

Nikafurahi kwamba ndege siku hizi zinalisha watu vizuri. Nikamwonyesha kitanda chake, nikala mkate wangu jikoni nimesimama.

Asubuhi nikamwuliza kama anataka mkate na mayai. Akasema nisihangaike. Sikuhangaika. Nikampa kahawa, nikamwambia, "Jisikie uko nyumbani, baba, friji ile pale," nikaenda darasani. Sasa fikirini. Babu yenu Sefania Mbwambo, mzee wa kanisa, afungue mwenyewe kabati la chakula la nyumba ya mtu! Hata chungu cha mkewe hakuwahi kukifunua. Nilirudi saa tisa alasiri, saa ambayo Wahispania ndipo wanakula cha mchana, nikamkuta amekaa kwenye kiti kilekile, koti limefungwa vifungo vyote. Nikamwuliza kama amekula. Akasema, "Niko vizuri."

Jioni hiyo nilimpeleka mkahawani. Mhudumu akauliza mzee anataka nini, baba akajibu, "Chochote, kidogo tu." Nami, msomi, nikatafsiri neno kwa neno. Akaletewa kisahani cha zeituni na vipande viwili vya jibini. Alikula zeituni moja moja kwa heshima, akaziweka mbegu zake kwenye mstari.

Siku ya tatu tulitembelea mashamba, na hapo alichangamka. Aliishika mizeituni, akakwangua gome kwa ukucha, akaniuliza inapogolewa mwezi gani. Tulicheka pamoja kwa mara ya kwanza. Lakini tulipokuwa tunapanda mlima kurudi mjini alisimama mara tatu kupumua. Nikadhani ni uzee.

Siku ya nne jioni aliniita sebuleni.

"Namkunda, naomba kesho uniulizie tiketi. Nirudi nyumbani mapema."

"Baba, mbona hata wiki haijaisha? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Shamba nimeliacha peke yake."

Shamba lina watoto wake wanne na wajukuu. Nilijua si shamba. Nikaingia jikoni, nikafungua bomba la maji lisikike, nikalia. Nilisema moyoni, basi ndiyo hivyo, amejaribu kukaa na mimi akashindwa, hajanisamehe.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya tiketi. Binti wa pale alikuwa mwema, akanitafutia kiti cha siku inayofuata, akasema atanishikia mpaka saa kumi na mbili jioni nikathibitishe na baba. Nikarudi nyumbani miguu mizito. Sebuleni hakuna mtu. Chumbani hakuna mtu. Koti halipo. Moyo ulinipasuka, kwa sababu baba hakujua hata neno la kuulizia njia. Nikashuka ngazi mbio, na nilipofika ghorofa ya pili nikasikia kicheko ninachokijua.

Mlango wa Encarna ulikuwa wazi. Baba amekaa mezani, koti limetundikwa, kitambaa cha kufutia mdomo amefungwa shingoni. Mbele yake kuna sahani kubwa ya dengu zilizopikwa na mchicha wa kule, mafuta ya zeituni yanaelea, na nusu ya mkate. Encarna amesimama pembeni yake ameshika upawa, kama anamlinda asikimbie. Nikamwuliza ilikuwaje.

"Nilimkuta kwenye ngazi ameshika ukuta," Encarna akasema kwa lugha yake. "Nikamshika mkono nikamleta. Hii ni sahani ya pili. Binti, mzee huyu unamlisha nini?"

"Alikwambia ana njaa?"

"Angeniambia kwa lugha gani? Na mimi ningemwuliza kwa lugha gani? Nimempakulia."

Nikamgeukia baba. Sauti yangu haikuwa nzuri, nawaambia ukweli. "Baba, kila siku nakuuliza kama utakula. Kila siku unaniambia umeshiba."

Baba akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo taratibu. "Ulitaka nikujibu nini? Niseme, ndiyo mwanangu, nina njaa, nipe chakula? Mama yako ulimsikia lini akimwuliza mtu kama atakula? Mgeni haulizwi, hupakuliwa. Nyumba inayouliza inaomba jibu la hapana, nami nikakupa."

"Kwa hiyo unarudi nyumbani kwa sababu ya njaa?"

"Njaa mimi naijua, haijawahi kunirudisha popote." Akaangalia mikono yake. "Siku ya kwanza uliponiuliza mlangoni, nikasema, huyu mtoto bado ana hasira na mimi. Kanileta kwa heshima tu, ili watu wasiseme."

"Hasira ya nini, baba?"

"Ya mama yako. Mimi ndiye niliyekataza usiambiwe mpaka tumezika. Kaka zako walitaka kukupigia simu, mimi nikasema hapana, ataacha masomo, atataabika njiani, mama yake hakutaka hivyo. Miaka miwili nataka kukuandikia nikuombe radhi, kila nikishika kalamu naandika habari za mvua."

Nikakaa kwenye kiti cha Encarna bila kukaribishwa. Nikamwambia baba kwamba miaka miwili hiyohiyo nilidhani yeye ndiye mwenye hasira na mimi, na kwamba tiketi aliyoitaka niliisoma kama hukumu. Baba akaanza kucheka, na machozi yanamtoka humohumo. Encarna hakuelewa hata neno moja, lakini naye akatoa leso akalia kidogo, kwa sababu ni mama mtu mzima na alikuwa na wafu wake.

Baba akanisimulia maziko palepale, mwanzo mpaka mwisho. Nani alihubiri, nani alichelewa, wimbo gani uliimbwa, na jinsi binamu Eliakimu alivyoteleza kwenye tope na jeneza karibu limponyoke. Nilicheka na kulia. Nilimzika mama yangu siku ile, kwenye meza ya watu, kilomita maelfu kutoka kaburini kwake. Mimi hicho ndicho ninachokumbuka kwanza mtu akitaja Hispania.

Alipomaliza nikasimama, nikachukua upawa mkononi mwa Encarna, nikamjazia baba sahani ya tatu.

"Namkunda," akasema, "nimeshiba."

"Najua, baba," nikamwambia, nikaongeza mchicha.

"Safari hii nimeshiba kweli."

Nikamsogezea mkate. Akanitazama, akachukua kijiko, akala yote.

Saa kumi na mbili ilipita na sikwenda ofisi ya tiketi. Siku zilizobaki sikumwuliza baba swali hata moja la chakula. Nilipika ugali wa unga wa mahindi nilioutafuta mji mzima, nikauweka mezani na kumnawisha mikono. Mchana nikiwa darasani Encarna alimfuata kwa kugonga mlango mara mbili. Walikaa pamoja wakimenya maharagwe, huyu akisema Kihispania, yule akisema Kipare, na nilipowauliza wanazungumza nini kila mmoja aliniambia mwenzake ana maneno ya busara. Baba alirudi Upare amenenepa mpaka koti la harusi halifungi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walimzunguka nje ya kanisa. Walitaka habari za ndege, za majengo, za Wazungu. Mtu wa kwanza kijijini kwetu kufika huko na kurudi! Kaka yangu alikuwepo, aliniandikia kila neno. Wakamwuliza, "Mzee, Hispania ikoje?" Baba akafikiri, akawajibu, "Nchi nzuri. Kuna mama mmoja kule asiyejua neno langu hata moja, amenipa sahani mbili za dengu. Na kuna binti yangu msomi, anayejua lugha mbili, ya watu wale na ya watu hawa, aliniuliza siku nne mpaka nikataka kufa."

Watu wakacheka mpaka mchungaji akatoka kuuliza kuna nini. Tangu Jumapili ile, mtoto yeyote wa kijiji kile akimsimamia mtu mlangoni na kuuliza utakula, wanamwambia asiwe kama Namkunda wa Hispania. Nimelibeba jina hilo miaka yote hii na halijanichosha, maana wanaolitaja hawajui jambo lingine lililopakuliwa mezani siku ile. Baba hakuniuliza kama nataka kusamehewa, nami sikumwuliza. Mgeni haulizwi, hupakuliwa.